Pete Saizi Gani? Milimita, Herufi za Uingereza, Nambari za Marekani na Nambari za Kihindi

Mdogo wangu wa Wete alipoposwa, mchumba wake alikuwa Maskati, na pete ikawa inunuliwe huko huko kwenye duka la mtandaoni, kisha ije na mtu anayerejea nyumbani. Akaniuliza mimi, dada mtu, saizi ya chanda. Nikachukua pete ya fedha ambayo mdogo wangu huivaa siku zote, nikailaza juu ya rula ya skuli na kusoma uwazi wa ndani: milimita 17. Nikamwandikia shemegi, "Saizi yake 17."

Duka lile lilikuwa likiuza kwa nambari za Kihindi. Huko 17 si upana wa tundu. Ni pete ambayo tundu lake lina milimita 18 na ushei. Siku ya kuvishwa pete, mbele ya watu waliovuka bahari kutoka Unguja, iliteleza mpaka mwisho wa chanda na kubaki inazunguka. Mama mkwe akamkunja mkono taratibu ili isianguke, na bibi harusi mtarajiwa akakaa na ngumi iliyofungwa mpaka wageni walipoondoka. Nambari niliyotoa ilikuwa ya kweli. Nilichokosa kusema ni kwamba ni nambari ya nini.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuulizwa mambo haya katika ukoo, na nimeona kwamba wengi hukwama pale pale nilipokwama mimi. Mtu ana pete ya kununua, dukani kuna nambari, jamaa aliye nje anataja herufi, na sonara wa Mji Mkongwe hataki nambari wala herufi, anataka mkono wenyewe. Nimeiweka hapa mifumo minne ambayo Mzanzibari hukutana nayo zaidi, ili uchague uutumie upi na uwe macho wapi.

## Mambo ninayoyatazama

Kila mfumo nimeutazama kwa mambo yale yale: unavyohesabiwa, na hatua moja ya saizi ni kubwa kiasi gani, kama unaweza kuupata nyumbani kwa rula na karatasi, unaeleweka wapi, na kosa gani huingia kwa urahisi. Mwisho nasema unamfaa nani. Bei sikuiweka, kwa sababu mfumo wa saizi haubadilishi bei ya pete. Kinachobadilisha bei ni kukosea, pale dhahabu inapobidi kuongezwa au pete inapobidi kurejeshwa dukani.

## Kwanza, pete hupimwa wapi

Vipimo vinavyohusu chanda ni viwili tu. Kipenyo ni upana wa tundu la pete, kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani, ukipita katikati. Mzingo ni urefu wa ule mviringo wa ndani, kama vile ungeukata na kuunyoosha. Ukikizidisha kipenyo mara 3.14 unapata mzingo, kwa hiyo pete yenye kipenyo cha milimita 17.2 ina mzingo wa milimita 54. Unene wa dhahabu haumo katika hesabu hii. Pete nene na pete nyembamba zenye tundu moja ni saizi moja.

Hapa pana jambo ambalo laiti ningelijua mapema. Ukipima kipenyo kwa rula na jicho likakosea milimita 1, umekosea milimita 3 na zaidi kwenye mzingo, yaani zaidi ya saizi nzima ya Kimarekani. Ukipima mzingo na ukakosea milimita 1, kosa ni dogo kuliko nusu ya saizi hiyo. Ndiyo maana kama huna kalipa ya fundi (kifaa chenye taya mbili cha kupimia upana), ni salama zaidi kuzungusha kitu chandani na kupima urefu wake kuliko kuchungulia tundu la pete juu ya rula.

Lakini kitu hicho kisiwe uzi. Uzi wa kushonea hunyooka ukivutwa, na uzi mnene ni mbaya zaidi: uzi wenye unene wa milimita 1 ukizungushwa chandani hukuongezea takriban milimita 3 za bure. Chukua karatasi ya daftari, kata ukanda wa upana wa nusu sentimita, uzungushe kwenye shina la chanda mpaka ukae bila kubana, tia alama kwa peni pale ncha inapokutana na karatasi, nyoosha, pima. Rudia mara tatu. Vipimo vitatu vikitofautiana sana, mkono wako haujatulia. Anza tena.

## Milimita

Unavyohesabiwa. Kiwango cha kimataifa cha saizi za pete, ISO 8653, kinatumia mzingo wa ndani kwa milimita na hakiongezi kitu. Pete ya 54 ina mzingo wa milimita 54. Utaikuta hivyo Ufaransa na Ujerumani. Ujerumani na Urusi utakuta pia wauzaji wanaotaja kipenyo badala ya mzingo: 17, 17.5, 18. Hatua ya mzingo ni milimita 1, ndogo ya kutosha kwa chanda chochote.

Nyumbani. Hakuna wa kumshinda hapa. Ulichosoma kwenye rula ndicho saizi.

Unaeleweka wapi. Fundi yeyote mwenye rula anaielewa milimita, awe Gizenga, Chake au Istanbul. Udhaifu wake unaonekana dukani. Duka la Marekani au la Uingereza linakupa orodha ya kuchagua, na ndani ya orodha hiyo 54 haimo. Hapo lazima ugeuze, na mara nyingi chanda chako huangukia katikati ya saizi mbili walizonazo.

Kosa. Mzingo na kipenyo ni vigumu kuvichanganya ukivitazama vizuri, maana hakuna chanda cha mtu mzima chenye mzingo wa 17 wala chenye kipenyo cha 54. Hatari iko kwenye kipenyo kinapotolewa peke yake bila kutajwa kuwa ni kipenyo, kama nilivyofanya mimi. Andika "mzingo wa ndani mm 54" au "kipenyo cha ndani mm 17.2". Maneno matatu hayo yangetuepusha na aibu ya Wete.

Unamfaa nani. Anayeweka kumbukumbu ya saizi za watu wa nyumbani, anayemwagizia sonara aliye mbali, na kila ambaye hajui bado atanunua wapi.

## Herufi za Uingereza

Unavyohesabiwa. Pete yenye mzingo wa milimita 37.5 ni A, na kila herufi inaongeza milimita 1.25. Kwa hiyo C ni 40, K ni 50, O ni 55, S ni 60. Kati ya herufi na herufi pana nusu, kama N½. Hivi ndivyo kilivyopangwa kiwango cha Kiingereza, BS 6820 cha mwaka 1987, na herufi hizi hutumika pia Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini.

Nyumbani. Unahitaji hesabu, lakini si ngumu. Chukua mzingo, toa 37.5, gawa kwa 1.25, kisha hesabu hatua kutoka A. Mzingo wa 53.75 ukitoa 37.5 unabaki 16.25, ukigawa unapata 13, hatua 13 kutoka A ni N. Wengi huhesabu A kuwa ni 1 na kuangukia herufi moja kabla. A ni sifuri.

Unaeleweka wapi. Watu wetu ni wengi London na kwingineko Uingereza, na jamaa akiingia duka la vito huko ataulizwa herufi. Akitaja milimita atahudumiwa, ila muuzaji atakwenda kutafuta chati. Akitaja herufi mambo yanakwisha pale pale.

Kosa. Herufi ina faida moja kubwa: haiwezi kudhaniwa kuwa milimita, wala nambari ya Kimarekani, wala ya Kihindi. Matatizo yake ni ya masikio na macho. M na N kwenye simu ni kitu kimoja, hasa sauti ikikatika, kwa hiyo sema "M ya muhogo" au "N ya nazi". O ikiandikwa kwa ujumbe inasomeka sifuri. Na ile nusu inayofuata herufi watu huiacha wakidhani ni pambo, kumbe nusu herufi ni zaidi ya nusu milimita ya mzingo. Kwa pete nyembamba si kitu. Kwa pete pana inayobana tayari, inatosha kukufanya ukeshe na sabuni usiku mzima kuitoa.

Unamfaa nani. Mwenye mnunuzi aliye Uingereza au Afrika Kusini, na yule ambaye chanda chake hakitulii kwenye saizi nzima za Kimarekani. Hatua za herufi ni ndogo zaidi ya hizo kwa nusu.

## Nambari za Marekani

Unavyohesabiwa. Hizi zinafuata kipenyo. Kila saizi moja inaongeza milimita 0.81 ya kipenyo, ambayo ni kama milimita 2.55 za mzingo. Saizi ya 7 ina kipenyo cha milimita 17.3 na mzingo wa 54.4. Zipo nusu, na baadhi ya maduka huweka robo.

Nyumbani. Chukua mzingo, toa 36.5, gawa kwa 2.55. Mzingo wa 57 unabaki 20.5, ukigawa unapata 8 na chembe. Hiyo ni saizi ya 8.

Unaeleweka wapi. Marekani na Kanada ndiko nyumbani kwake, lakini kwenye mtandao zimeenea kuliko zote. Pete nyingi zinazotoka China na kuuzwa mtandaoni, zile za chuma na za fedha za bei nafuu ambazo vijana wetu hununua, zimeandikwa kwa nambari hizi.

Kosa. Hatua ni kubwa. Duka likiuza saizi nzima tu bila nusu, kati ya 7 na 8 kuna milimita mbili na nusu za mzingo, na chanda cha katikati hakina pa kwenda. Kosa la pili ni la nambari zenyewe kuwa ndogo: 7 ya Kimarekani ni chanda cha mwanamke mtu mzima, 7 ya Kihindi au ya Kiitalia ni mzingo wa milimita 47, chanda chembamba mno. Ukitaja "saizi 7" bila kusema ya wapi, umemwachia mwenzako abahatishe.

Unamfaa nani. Anayenunua mtandaoni kwenye duka lenye nusu saizi na ruhusa ya kurudisha, na mwenye jamaa Marekani au Kanada.

## Nambari za Kihindi, pamoja na Italia na Japani

Unavyohesabiwa. Huu ndio mwepesi kuukumbuka: chukua mzingo kwa milimita, toa 40. Mzingo wa 54 ni 14, mzingo wa 57 ni 17. Italia, Hispania na Uswisi wanahesabu kwa mtindo huo huo wa kutoa 40.

Japani wana nambari zinazofanana nazo sana lakini asili yake nyingine: nambari 1 ina kipenyo cha milimita 13, na kila nambari inaongeza theluthi ya milimita ya kipenyo. Kwa saizi za kawaida zinakaribiana mno. 14 ya Japani na 14 ya India ni karibu pete moja. Juu zaidi zinaanza kuachana: 25 ya Japani ina mzingo wa milimita 66, ya India 65.

Nyumbani. Rula, karatasi, na kutoa 40.

Unaeleweka wapi. Neno lenyewe sonara limetujia kutoka Bara Hindi pamoja na ufundi wake, na dhahabu nyingi ya mtindo wa Kihindi inayopendwa kwenye harusi zetu hufika ikiwa na nambari hizi. Ukinunua India, au Ghuba kwenye duka la mfanyabiashara wa Kihindi, uwe tayari kuzisikia.

Kosa. Ni lile langu. Nambari za mfumo huu, hasa kuanzia 15 hadi 21, zimekaa pale pale zinapokaa milimita za kipenyo. 17 ya kipenyo ni mzingo wa 53.4. 17 ya Kihindi ni mzingo wa 57. Tofauti ya milimita tatu na nusu, na zote zinasikika kama saizi ya kawaida, hakuna mtu anayeshtuka. Ningetaja 54 muuzaji angeuliza. 17 haikumshtua mtu.

Unamfaa nani. Anayenunua dhahabu ya Kihindi, na mtu asiyependa hesabu za kugawa.

## Zikiwa pamoja

| Mzingo (mm) | Kipenyo (mm) | Marekani | Uingereza | India na Italia |
|---|---|---|---|---|
| 46.7 | 14.9 | 4 | H½ | 7 |
| 49.3 | 15.7 | 5 | J½ | 9 |
| 51.9 | 16.5 | 6 | L½ | 12 |
| 54.4 | 17.3 | 7 | N½ | 14 |
| 57.0 | 18.1 | 8 | P½ | 17 |
| 59.5 | 18.9 | 9 | R½ | 19 au 20 |
| 62.1 | 19.8 | 10 | T½ | 22 |
| 64.6 | 20.6 | 11 | V½ | 24 au 25 |

Ukizichungua safu utaona nusu saizi ya Kimarekani ni sawa na herufi moja ya Kiingereza, nayo ni milimita moja na robo ya mzingo. Hilo ukilishika utaweza kusogea juu na chini bila chati.

Utakuta chati nyingine zinatofautiana na hii kwa nusu. Sababu ni kwamba kila anayegeuza analazimika kukata desimali mahali fulani, na ukigeuza mara mbili unakata mara mbili. Jamaa anakwambia "ni N", wewe unaigeuza kuwa 7 ya Marekani, duka la tatu linaigeuza 7 kuwa 14 au 15, na chanda kimeshapotea njiani. Rejea kwenye milimita kila mara, ugeuze mara moja tu kwenda kwenye mfumo wa duka unalonunua. Na duka likiwa na chati yake, chati hiyo ndiyo ya kufuata, kwa kuwa ndiyo waliyochongea pete zao.

## Yale ambayo hakuna mfumo unaoyajua

Nambari yoyote uliyoipata inakwambia habari za pete. Chanda kina mambo yake, na kwetu visiwani kina mambo zaidi.

Joto hukivimbisha chanda na baridi hukinywesha. Ukimpima bibi harusi mchana wa kaskazi, Februari, kisha akaenda kuishi Toronto, pete iliyomkaa vizuri Jang'ombe itamtoka kwenye glovu Januari. Aliyepimwa huko wakati wa theluji naye akija likizo nyumbani ataona pete inambana uwanja wa ndege. Pima jioni, mtu akiwa ametulia, si baada ya kufua wala kutoka baharini wala kupanda ngazi za Mji Mkongwe kwa haraka. Mjamzito asipimwe kwa pete ya kudumu. Mkono anaoutumia kwa kazi huwa na vyanda vinene kidogo, kwa hiyo pima mkono utakaovaa pete hiyo, si ule ulio karibu.

Kifundo cha chanda ni jambo la pili. Wako watu, hasa wazee wetu na waliofanya kazi nzito ya mikono, ambao kifundo ni kinene kuliko shina la chanda. Pete ipite kwenye kifundo kwa kusukumwa kidogo tu, halafu isiwe ya kucheza chini. Zungusha karatasi mara ya pili juu ya kifundo, na vipimo vikitofautiana sana chukua kilicho katikati, ukiegemea cha kifundo.

Pete pana hubana kuliko nyembamba ya saizi ile ile. Ukanda wa milimita 6 na zaidi ongeza milimita moja hivi ya mzingo, karibu herufi moja ya Kiingereza. Hili linawagusa sana wanaume wetu. Mwanamme Mwislamu havai dhahabu, kwa hiyo bwana harusi huvaa ya fedha, na pete za fedha za kiume zenye akiki huwa pana na nzito. Wengi wao hupimwa kwa pete nyembamba ya dada mtu, kisha hushangaa.

Kuna na udhu. Pete inayobana mpaka maji hayapiti chini yake lazima isogezwe au ivuliwe wakati wa kutawadha. Mtu anayeswali sala tano atakuwa na kazi hiyo kila siku ya maisha yake, kwa hiyo pete iweze kuzungushwa kwa vyanda viwili vya mkono mwingine bila kuvutwa. Mimi hiki ndicho kipimo changu cha mwisho, na hakijanidanganya bado.

Na kazi. Mwanamke wa Paje au Jambiani anayelima mwani ana mikono ndani ya maji ya bahari kwa saa nyingi, na maji yanapokinywesha chanda pete hutoka bila hata kusikika. Huyo asiongezewe nafasi ya ziada kwa hofu ya joto. Afadhali iwe sawasawa na aivue kabla ya kwenda pwani. Anayekuna nazi na kukanda unga kila siku, pete yake iwe nyembamba isiyo na kona za kushika unga.

## Kwa hali yako

Kama unanunua kwa sonara wa Unguja au Pemba na mvaaji yupo, acha nambari zote. Mpeleke mwenyewe. Sonara ana shada la pete za kupimia na kijiti cha chuma kilichochongoka chenye mistari, na atampima kwa dakika mbili. Mwambie tu upana wa pete unayotaka, kwa sababu pete zake za kupimia kwa kawaida ni nyembamba. Akishamaliza, muulize mzingo kwa milimita na uandike. Utauhitaji siku nyingine.

Kama mvaaji hatakiwi kujua, chukua pete yake ya chanda kile kile cha mkono ule ule. Pete ya kidole cha shahada au ya kidole cha mwisho haikusaidii. Usiitoe nje ya nyumba muda mrefu. Ipeleke kwa sonara aipitishe kwenye kijiti, au tia ukanda wa karatasi ndani yake, uache ujikunjue mpaka ugandamane na ukuta wa ndani, tia alama, toa, pima. Rula juu ya tundu iwe njia ya mwisho.

Kama mnunuzi yuko Uingereza, mpe herufi na milimita pamoja: "N½, mzingo wa ndani mm 54.4". Akiwa Marekani au Kanada, mpe nambari na milimita. Akiwa India au Ghuba, mpe milimita za mzingo kwanza, na ile nambari ya kutoa 40 baadaye. Ikiwa chanda kipo kati ya saizi mbili na mvaaji anakaa huku kwetu kwenye joto, chukua ya juu. Ikiwa anakwenda kuishi kwenye baridi, ya chini, mradi ipite kwenye kifundo.

Kama unaagiza pete ya tangsteni, au pete iliyozungukwa na vijiwe pande zote, chukua muda zaidi kuliko wote. Hizo hazibadilishwi saizi. Titani na chuma cha pua nazo humpa fundi tabu. Nunua mahali panaporuhusu kurudisha, au vaa kwanza pete ya bei nafuu ya saizi hiyo kwa wiki moja, ipitie joto la mchana na ubaridi wa alfajiri.

Na kama pete imeshafika na haikai, usikimbilie kuzungusha uzi ndani yake. Mdogo wangu alifanya hivyo kwa miezi mitatu, na uzi ukashika sabuni na unga mpaka ngozi ikawasha. Pete ya kawaida ya dhahabu au fedha, isiyo na vijiwe pande zote, sonara anaweza kuikata na kuipunguza au kuiongeza saizi moja mbili. Kupunguza ni rahisi kwa mfuko wako, kwa sababu dhahabu inatoka. Kuongeza kunahitaji dhahabu mpya ya karati ile ile, nayo utailipia. Kabla hajaanza, ipimwe uzito mbele yako kwa gramu, na ipimwe tena ikimalizika.

Tulimpeleka kwa sonara wa Chake asubuhi moja. Alimpima chanda kwanza, kisha pete, akaweka alama mbili ndani ya duara na kukata. Ilipotoka imeungwa na kusuguliwa, mshono haukuonekana, na mdogo wangu akaizungusha chandani kwa vyanda viwili kama nilivyomfundisha. Kile kipande kilichotoka, cha milimita tatu na nusu, sonara alikifunga kwenye karatasi akamkabidhi. Kimo kwenye kasha la mama mpaka leo, pamoja na hereni moja iliyobaki bila mwenzake.